Je, Wajua? Maswali Mafupi Yanayoupima Ubongo wa Mzee

Mzee akirudia swali lile lile mara ya tatu kabla chai haijapoa, watu wa nyumbani husema, "Ni uzee tu huo." Pengine ni kweli. Pengine ni dalili ya mwanzo ya demensia, hali ya ubongo inayodhoofisha kumbukumbu, lugha na uamuzi, hadi mtu ashindwe kujihudumia. Madaktari huanza kutenganisha mambo hayo mawili kwa vifaa vichache sana: maswali, karatasi, kalamu, na mahali pengine njiti nne za kiberiti. Tumekusanya hapa mambo ambayo kila mwenye mzazi au babu na bibi anafaa kuyajua kuhusu vipimo hivyo. Yote yanatufundisha somo moja: kipimo cha akili kina maana pale tu anayeuliza anapomjua anayeulizwa, yaani lugha yake, shule yake, masikio yake na maisha aliyoishi.

Je, wajua kwamba kila kitu kilianza na mama aliyeulizwa jina la mumewe?

Novemba 1901, katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer aliketi karibu na kitanda cha mwanamke wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter. Akamuuliza, "Jina lako nani?" Akajibu, "Auguste." "Jina la ukoo?" "Auguste." "Na mumeo anaitwa nani?" "Nadhani Auguste." Daktari akamwonesha penseli, ufunguo na sigara, naye akavitaja vyote sawasawa. Baada ya muda kidogo alipoulizwa ameoneshwa nini, hakukumbuka. Mchana alikuwa akila koliflawa na nyama ya nguruwe, na alipoulizwa anakula nini, akasema spinachi. Alipoambiwa aandike jina lake, aliandika neno la kwanza, "Bibi", na yaliyobaki yakampotea.

Auguste alifariki Aprili 1906. Alzheimer akauchunguza ubongo wake kwa hadubini, na mwezi Novemba mwaka huo akaeleza aliyoyaona mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen. Ugonjwa ulipewa jina lake mwaka 1910. Faili la mgonjwa huyo, likiwa na maswali na majibu kwa mwandiko wa daktari mwenyewe, lilikuja kupatikana tena Frankfurt katika miaka ya 1990. Ukilisoma leo utaona kwamba mbinu haijabadilika sana: onesha vitu, subiri kidogo, kisha uliza.

Je, wajua kwamba demensia si ugonjwa mmoja?

Demensia ni kundi la dalili zinazoletwa na magonjwa mbalimbali. Alzheimer ndio unaoongoza, ukichangia kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa wote. Unafuatiwa na demensia ya mishipa ya damu, ambayo hutokana na viharusi, vikubwa kwa vidogo, mara nyingi kwa mtu aliyeishi na shinikizo la damu bila tiba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kila mwaka huongezeka wagonjwa wapya wapatao milioni 10. Umri mkubwa huongeza hatari, lakini demensia si hatua ya kawaida ya uzee. Wako wazee wa miaka 90 wanaosimulia habari za juzi na za zamani bila kukosea.

Je, wajua kwamba kipimo mashuhuri kuliko vyote kina alama 30 tu?

Mwaka 1975 madaktari wa Marekani Marshal Folstein, Susan Folstein na Paul McHugh walichapisha kipimo kifupi ambacho daktari angeweza kukifanya kando ya kitanda. Mgonjwa anaulizwa leo ni tarehe ngapi na yuko wapi. Anapewa maneno matatu ayashike. Anatoa 7 kutoka 100, kisha 7 tena, na tena: 93, 86, 79, 72, 65. Mwishoni ananakili mchoro wa maumbo mawili ya pembe tano yaliyopishana. Jumla ni alama 30.

Kwa miaka mingi kipimo hiki kilinakiliwa bure duniani kote. Tangu mwaka 2001 haki zake zimeshikiliwa na kampuni, na matumizi rasmi yanalipiwa. Hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya watafiti wengi watafute vingine.

Udhaifu wake mwingine ulikuwa mkubwa zaidi: kilikuwa kinawapitisha watu ambao tayari ubongo wao ulikuwa umeanza kupungukiwa. Msomi aliyezoea mitihani angeweza kupata 28 au 29 huku mkewe nyumbani akijua kwamba mambo si shwari.

Je, wajua kwamba wanyama watatu wa kipimo kingine maarufu wote wanapatikana Kenya?

Daktari Ziad Nasreddine wa Montreal, Kanada, alitengeneza kipimo kigumu kidogo kuliko kile cha kwanza, akakichapisha mwaka 2005. Huchukua dakika 10 hivi na kina alama 30 pia, na alama 26 kwenda juu ndizo zilizohesabiwa kuwa za kawaida. Kwenye karatasi yake kuna michoro ya simba, kifaru na ngamia, na mgonjwa huombwa awataje. Kuna pia maneno matano ya kukumbuka, saa ya kuchora, na sentensi za kurudia neno kwa neno.

Katika utafiti wa kwanza, kipimo cha mwaka 1975 kiliwanasa watu 18 tu kati ya kila 100 waliokuwa na upungufu wa mwanzo, ule ambao bado haujafikia demensia. Kipimo kipya kiliwanasa 90. Lakini tangu mwanzo Nasreddine aliona kwamba shule ina uzito wake, akaagiza kwamba mtu aliyesoma miaka 12 au pungufu aongezewe alama moja. Kwa mzee ambaye hakuwahi kukanyaga darasani, alama hiyo moja haitoshi. Hata simba aliyemwona kwa macho yake porini anaweza kumpotea akichorwa kwa mistari myeusi kwenye karatasi, kwa kuwa kusoma michoro nako ni jambo la kufundishwa.

Je, wajua kwamba kuchora saa ni mtego wa makusudi?

Mzee anapewa karatasi, anaambiwa achore uso wa saa, aweke namba zote, kisha mishale ioneshe saa tano na dakika kumi. Kazi inaonekana ya mtoto. Ndani yake, hata hivyo, ubongo unatakiwa upange nafasi, ukumbuke maagizo, ujizuie usifanye haraka, na ujue kwamba dakika kumi huoneshwa kwenye namba 2. Mtu ambaye sehemu ya mbele ya ubongo wake imeanza kuchoka husikia "kumi" na kupeleka mshale moja kwa moja kwenye 10. Wengine hurundika namba zote upande mmoja wa duara.

Kwetu sisi kuna jambo la ziada. Anayepimwa kwa Kiingereza huambiwa kumi na moja na dakika kumi, akatazama 11 na kuweka mshale mfupi hapo. Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo. Tukisema saa tano, mshale mfupi unakaa kwenye 11, ilhali namba 5 iko pale pale inamtazama mchoraji. Mswahili aliyevaa saa ya mkononi maisha yake yote hafikirii hata kidogo, lakini mzee aliyezoea kujua wakati kwa jua na adhana ana kila sababu ya kukosea. Mpimaji anapaswa kwanza kuuliza, "Mzee, umewahi kutumia saa ya mishale?" Bila swali hilo, anaweza kumwandika mgonjwa mtu ambaye ubongo wake hauna tatizo lolote.

Je, wajua kwamba dakika moja ya kutaja wanyama hueleza mengi?

"Nitajie wanyama wote unaowajua, mimi nitahesabu dakika moja." Swali hili halihitaji kalamu wala kusoma, ndiyo maana limeenea duniani. Mtu mzima wa afya huwataja kwa mafungu: ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku, halafu anaingia porini, simba, chui, fisi, tembo, halafu baharini. Fungu likiisha, anahamia jingine. Aliyeanza kuugua Alzheimer hutaja wachache, hurudia aliokwisha kuwataja, na akikwama hapati njia ya kuhamia fungu jipya.

Vipimo vingine humtaka mtu ataje maneno yanayoanza na herufi fulani. Kwa mgonjwa wa Alzheimer, kutaja wanyama huathirika mapema zaidi kuliko kutaja kwa herufi, kwa sababu ugonjwa hushambulia ghala la maana za vitu. Na kwa asiyejua kusoma, herufi haina maana yoyote, ila mbuzi na fisi anawajua vizuri kuliko mpimaji.

Je, wajua kwamba kuna kusahau kwa aina mbili?

Mpe mtu maneno ya kukumbuka, subiri dakika chache, muulize. Akishindwa, mpe kidokezo: "Mojawapo lilikuwa ni tunda." Mzee ambaye umri tu ndio umempunguzia kasi atasema, "Ahaa, embe!" Neno lilikuwamo, ila kulitafuta ndiko kulikokuwa kazi. Katika Alzheimer kidokezo husaidia kidogo sana, kwa maana neno halikuhifadhiwa kabisa. Sehemu ya ubongo inayoweka kumbukumbu mpya, ambayo iko kwa ndani usawa wa masikio, ni miongoni mwa zile zinazoharibika mapema. Ndiyo sababu mgonjwa anaweza kukusimulia harusi yake ya mwaka 1968 pamoja na rangi ya kanga zilizovaliwa, na asijue kama amekula asubuhi.

Je, wajua kwamba daktari hupima kabla hajauliza swali lolote?

Akimuuliza mzee, "Tatizo lako lilianza lini?", na mzee akageuza shingo kumtazama binti yake amjibie, daktari ameshaandika jambo. Dalili hii ya kugeuka inafahamika sana katika kliniki za kumbukumbu. Kinyume chake nacho kina maana: aliyekuja kliniki peke yake, akakumbuka tarehe, akapanda gari na kufika kwa wakati, mara nyingi hana demensia, hata kama analalamika kwamba anasahau sana. Anayeugua huwa hajui ukubwa wa tatizo lake, na aghalabu wanaoona ni wale wanaoishi naye.

Kwa hiyo vipimo vizuri vina sehemu mbili: maswali kwa mzee, na maswali kwa ndugu. Ndugu anaulizwa jambo moja kubwa: ukilinganisha na alivyokuwa zamani, amebadilika? Mama aliyekuwa mpishi hodari anapoanza kuweka chumvi mara mbili, au baba aliyekuwa mweka hazina wa msikiti anaposhindwa kuhesabu chenji, hapo pana jambo, haidhuru alama zake zikoje.

Je, wajua kwamba njiti za kiberiti zilichukua nafasi ya kalamu?

Mjini Ibadan, Nigeria, watafiti waliokuwa wakichunguza demensia miongoni mwa wazee wa Kiyoruba waliona kwamba wengi hawakuwahi kushika kalamu. Kumwambia mzee kama huyo anakili maumbo ya pembe tano ni kumwaibisha bure, na matokeo yake hayasemi lolote kuhusu ubongo. Daktari Olusegun Baiyewu na wenzake wakachapisha mwaka 2005 kipimo cha njiti: mpimaji anapanga njiti nne za kiberiti kwa umbo fulani, na mzee anapanga zake zifanane. Uwezo unaopimwa ni ule ule wa kuona umbo na kulijenga, bila kuhitaji shule.

Utafiti huo wa Ibadan, uliofanywa sambamba na mji wa Indianapolis nchini Marekani, ulitoa pia matokeo ya kushangaza. Kwa taarifa ya mwaka 2001, kati ya wazee wa Ibadan, waliopata demensia kwa mwaka walikuwa asilimia 1.35, na kati ya Wamarekani Weusi wa Indianapolis asilimia 3.24. Watu hawa wana asili inayokaribiana ila maisha yao yametofautiana, na pande zote mbili zilipimwa kwa maswali yaliyotengenezwa yasiegemee shule.

Je, wajua kwamba kipimo kimoja kilizaliwa Hai, mkoani Kilimanjaro?

Mwaka 2010 watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na wenzao wa Uingereza walizunguka katika vijiji vya wilaya ya Hai wakiwachunguza wazee wa miaka 70 na zaidi. Walifikia watu 1,198. Baada ya kulinganisha umri, asilimia 6.4 walikutwa na demensia, kiwango kisicho mbali na kile cha nchi tajiri. Dhana kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu ilianguka pale pale.

Wazee hao walizaliwa kabla ya mwaka 1940, wakati shule zilikuwa chache na wasichana wengi walibaki nyumbani. Vipimo vya Ulaya na Amerika visingewatendea haki. Watafiti wakachambua maswali mengi yaliyokwisha kutumika, wakabakiza machache yanayotenganisha wagonjwa na wazima bila kujali elimu. Kikapatikana kipimo kifupi cha alama 15, kiitwacho IDEA. Tazama kinavyouliza: Leo ni siku gani ya juma? Kiongozi wa hapa ni nani? Daraja ni kitu gani? Nitajie wanyama kwa dakika moja. Panga njiti hizi kama nilivyozipanga mimi. Na yale maneno kumi niliyokusomea, unakumbuka yapi?

Maswali haya yanaweza kuulizwa barazani, mzee akiwa amekaa kwenye kigoda chake, na anayeuliza si lazima awe daktari bingwa. Mhudumu wa afya aliyefunzwa anatosha. Anayepata alama 7 au pungufu anapelekwa kwa uchunguzi kamili. Kipimo kilijaribiwa pia Nigeria, na baadaye kikatengenezewa programu ya simu.

Timu hiyo ya Hai iliandaa vilevile maswali kuhusu shughuli za mzee katika jamii. Kwingineko huulizwa kama mgonjwa bado anaandika hundi au anaendesha gari. Huko Hai waliuliza: Je, watu bado wanakuja kumwomba ushauri? Bado anashiriki sherehe na shughuli za ukoo? Mzee wa Kiafrika hupoteza nafasi yake ya ushauri mapema kuliko anavyopoteza uwezo wa kula mwenyewe, na maswali haya yanaligusa jambo hilo waziwazi.

Je, wajua kwamba Kampala ilisaidia kuthibitisha kipimo kinachotumika kwa vijana pia?

Virusi vya Ukimwi visipodhibitiwa huweza kushambulia ubongo na kumfanya hata mtu wa miaka 30 awe mzito wa kufikiri na kutenda. Mwaka 2005 Daktari Ned Sacktor na wenzake walichapisha kipimo cha alama 12 kilichojaribiwa Baltimore, Marekani, na Kampala, Uganda. Mgonjwa anapewa maneno manne ayakumbuke. Anagonga vidole viwili haraka awezavyo kwa sekunde tano. Kisha anafuatisha mkono wa mpimaji juu ya meza: ngumi, kiganja bapa, kiganja kilichosimama kwa ubavu, tena na tena kwa mfuatano huo. Akipata 10 au chini, anahitaji kuangaliwa zaidi. Hakuna kusoma, hakuna kuandika, na mkalimani wa lugha yoyote anaweza kusaidia.

Je, wajua kwamba mtihani wa utotoni uliwafuata watu hadi uzeeni?

Tarehe 1 Juni 1932, takriban watoto wote wa Skotlandi waliozaliwa mwaka 1921, jumla yao 87,498, walifanya mtihani mmoja wa akili siku moja. Karatasi zikawekwa na kusahauliwa. Miaka ya 1990 watafiti Ian Deary na Lawrence Whalley walizipata, wakawatafuta waliokuwa hai, na mwaka 1998 wazee wa Aberdeen wakafanya tena mtihani ule ule. Hapo ndipo sayansi ilipopata kitu adimu: kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe wa miaka 66 nyuma. Ilionekana kwamba waliopata demensia uzeeni walikuwa na alama za chini kidogo utotoni.

Nchini Marekani, masista 678 wa shirika la Notre Dame walikubali kupimwa kila mwaka na kutoa ubongo wao baada ya kufa, katika utafiti ulioanzishwa na David Snowdon mwaka 1986. Mmoja wao alifariki akiwa na miaka 101 huku alama zake zikiwa nzuri. Ubongo wake ulipofunguliwa ulikutwa umejaa alama za Alzheimer. Wanasayansi huita hali hiyo akiba ya ubongo. Shule, kazi inayofikirisha na kuishi kati ya watu huijenga akiba hiyo, hivyo ugonjwa huchelewa kujitokeza ijapokuwa umeshaingia.

Je, wajua kwamba vitabu vya mwandishi vinaweza kumfichua?

Iris Murdoch wa Uingereza alitoa riwaya yake ya mwisho mwaka 1995, akagundulika kuwa na Alzheimer baadaye, na kufariki mwaka 1999. Watafiti walipohesabu maneno yake kwa kompyuta waligundua kwamba msamiati wa riwaya hiyo ulikuwa umepungua ukilinganishwa na wa vitabu vyake vya awali. Uchambuzi wa vitabu vya Agatha Christie nao ulionesha upungufu kama huo katika riwaya za uzeeni, ingawa yeye hakuwahi kupimwa ugonjwa huo. Leo wapo wanaochunguza usemi wa kawaida wa watu kwa njia hiyo hiyo: ukwasi wa maneno, vituo vya kutafuta neno, na wingi wa maneno kama "kile kitu" na "yule nani".

Je, wajua kwamba baadhi ya wanaofeli wanaweza kutibika?

Kipimo cha akili ni kama kipimajoto: kinasema kuna homa, hakisemi homa ya nini. Upungufu wa vitamini B12 huharibu kumbukumbu, na huwapata wazee wanaokula nyama, mayai na maziwa kwa nadra, na pia wanaotumia dawa ya kisukari aina ya metformin kwa miaka mingi. Tezi ya shingoni ikizalisha homoni kidogo, mtu huwa mzito wa mwili na akili. Sonona humfanya mjane aliyefiwa karibuni ajibu "sijui" kwa kila swali. Kaswende ya muda mrefu huingia ubongoni. Vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi huwachanganya wazee. Hata nta iliyojaa sikioni humwangusha mtu mtihani, kwa kuwa hawezi kukumbuka neno ambalo hakulisikia.

Na mzee aliyechanganyikiwa ghafla, jana mzima leo haelewi, asipimwe kumbukumbu kwanza. Hiyo ni dharura. Huenda ni malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari kushuka au kiharusi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba kipimo cha damu hakijaondoa maswali?

Mei 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha kwa mara ya kwanza kipimo cha damu cha kusaidia kutambua Alzheimer, kwa watu wa miaka 55 na zaidi ambao tayari wana dalili. Sharti hilo la dalili ndilo muhimu, na dalili hupatikana kwa mazungumzo na vipimo kama hivi tulivyovieleza. Dawa mpya zinazopunguza kasi ya ugonjwa, kama lecanemab iliyopata idhini kamili nchini humo Julai 2023, hutolewa kwa walio katika hatua za mwanzo tu, na hazirudishi kumbukumbu iliyopotea.

Hata hivyo, si kila mzee asiye na tatizo anafaa kupangwa foleni kupimwa. Jopo la wataalamu wa Marekani lilisema mwaka 2020 kwamba ushahidi wa faida ya kufanya hivyo hautoshi. Apimwe yule ambaye yeye au jamaa zake wameona mabadiliko. Wala usimfanyie mzee wako mazoezi ya majibu nyumbani: ukimkaririsha maneno na michoro, alama zitapanda huku ugonjwa ukiendelea kimyakimya.

Je, wajua kwamba kujua mapema kunaweza kuokoa uhai na heshima?

Usukumani nchini Tanzania na Kilifi nchini Kenya, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mwanamke mzee anayetangatanga usiku, anayeongea peke yake, anayeingia ua wa jirani akidhani ni kwake, yuko hatarini mahali ambapo watu hawajui kwamba ubongo nao huugua. Familia ikiwa na jina la ugonjwa kutoka kwa daktari wa wilaya, ina la kuwaambia majirani na mwenyekiti wa kijiji.

Kujua mapema pia humpa mgonjwa nafasi ya kusema mwenyewe, akili ingalipo, shamba liwe la nani na nani amwangalie. Mle Hai, wagonjwa waliokutana kwa vikundi kwa mazungumzo, nyimbo na michezo ya kuchangamsha akili walipata nafuu, na tiba hiyo haihitaji duka la dawa. Tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya demensia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, upweke, na kutosikia au kutoona vizuri kusikotibiwa.

Basi ukiwa na wasiwasi kuhusu mzazi wako, nenda naye hospitali mchana, akiwa amelala vizuri na amekula. Mchukulie miwani yake na kifaa chake cha kusikia kama anacho. Beba dawa zote anazotumia, hata za dukani na za miti shamba. Andika mambo matatu au manne uliyoyaona, na ni lini yalianza. Mwambie daktari mzee amesoma hadi wapi na anaongea lugha gani nyumbani, na uombe aulizwe kwa lugha hiyo. Majibu yakitoka, yoyote yawayo, uliza swali hili: "Na baada ya miezi sita, tuje tena kupima?" Alama za siku moja hueleza kidogo. Mwendo wa alama kutoka mwaka hadi mwaka ndio unaompa daktari ukweli, na wewe unayeishi na mzee ndiye utakayehakikisha kwamba mwendo huo unafuatwa.